Baiti zinazopotea kwenye poti ya siriali: kerneli imechelewa wapi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina kompyuta ndogo ya viwandani yenye prosesa ya Intel ya viini vinne, inayotumia Debian 12 na kerneli (moyo wa mfumo endeshi) 6.1. Poti ttyS0 nimeiacha iwe konsoli, yaani mahali kerneli inapoandika ujumbe wake, na ttyS1 inapokea data kutoka kwenye kihisi cha mtikisiko kilichofungwa kwenye pampu ya maji. Kihisi hutuma fungu la baiti 64 kila baada ya milisekunde 10, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Mara tatu hadi tano kwa siku fungu moja hufika likiwa na upungufu. Prosesa haijawahi kuzidi asilimia 10 ya kazi. Nimeendesha cyclictest (programu ya kupima ucheleweshaji) kwa dakika 10, na ucheleweshaji mkubwa kabisa niliouona ni mikrosekunde 40. Je, niweke kerneli ya RT (ya muda halisi), au tatizo liko kwingine?

Jibu: Ndugu yangu, nakuomba uiache kerneli yako kama ilivyo kwa siku chache zaidi. Ukibadilisha kerneli leo na upotevu ukakoma, hutajua ni nini kilichoukomesha, na siku utakapoongeza kadi ya mtandao au kubadilisha BIOS unaweza kurudi tena usijue pa kuanzia. Namba ulizonipa zinatosha kuwaondoa washukiwa kadhaa kabla hujagusa kitu chochote, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Katizo, ambalo mafundi wengi hulitamka intarapti, ni ishara ambayo kifaa huipelekea prosesa kuiomba iache kwa muda ilichokuwa ikikifanya na kukihudumia. Tangu chipu ya siriali iinue ishara hiyo hadi programu yako isome baiti, muda unaweza kupotelea mahali pengi: prosesa inaweza kuwa usingizini na ikahitaji muda wa kuamka, kerneli inaweza kuwa imefunga makatizo kwa sababu inalinda kitu chake, fimwea (programu iliyomo ndani ya bodi yenyewe, kama BIOS) inaweza kuwa imeiteka prosesa nyuma ya mgongo wa kerneli, na hata baada ya draiva (sehemu ya kerneli inayoiendesha chipu) kuzichukua baiti, uzi wa kerneli, yaani kazi ndogo inayongoja zamu yake, unaozipeleka kwa programu yako unaweza kukawia kupata zamu. Tofauti kubwa ni kwamba kuchelewa baada ya draiva kuzichukua baiti kwa kawaida huleta data iliyokawia tu, kwa kuwa kerneli ina bafa (hifadhi ya muda) kubwa, ilhali kuchelewa kabla ya hapo huleta data iliyopotea, kwa kuwa chipu yenyewe haina pa kuweka.

Chipu ya aina ya 16550A ina bafa ya baiti 16. Draiva ya 8250 iliyomo ndani ya Linux kwa kawaida huitaka chipu ya aina hiyo ipige katizo bafa inapofikisha baiti 8, nazo nafasi 8 zilizobaki ndizo akiba yako. Kwa kasi ya 115200, na biti 10 kwa kila baiti ukihesabu ile ya kuanzia na ile ya kumalizia, baiti moja hufika kila baada ya mikrosekunde 86.8. Nafasi 8 ni takriban mikrosekunde 694, na baiti ya tisa ikikamilika kabla draiva haijafika ndipo upotevu unapoanza, yaani kwenye mikrosekunde 781 hivi. Kwa maneno mengine, ili upoteze hata baiti moja, ni lazima draiva iwe imechelewa kwa zaidi ya robo tatu ya milisekunde. Kwa prosesa ya leo huo ni muda mrefu mno, na ndiyo maana siwezi kuulaumu usingizi wa prosesa peke yake. Soma mwenyewe mafaili ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/state*/latency, ambamo kerneli imeandika kwa mikrosekunde muda wa kuamka kutoka kila ngazi ya usingizi. Kwa prosesa nyingi hata ngazi ya ndani kabisa haifikii kiwango hicho, ila kwa baadhi ngazi za ndani hukivuka; ukikuta hivyo kwako, usingizi nao uingie kwenye orodha ya washukiwa. Usingizi unaweza kuongezea kidogo juu ya ucheleweshaji mwingine, lakini kama namba zote ziko chini ya kiwango hicho, si mkosaji mkuu hapa.

Hesabu hiyo hiyo inakupa kipimo kingine cha bure. Idadi ya baiti zinazokosekana ni saa: zikikosekana tano, draiva ilichelewa kwa angalau muda wa baiti 13, yaani kama milisekunde 1.1. Fungu zima la baiti 64 huchukua milisekunde 5.6 kupita kwenye waya, kwa hiyo giza, yaani kipindi ambacho draiva haifiki, likianza kabla ya fungu na kuendelea hadi mwisho wake, zitakazookoka ni zile 16 za mwanzo zilizokuwemo ndani ya chipu, na 48 zitakuwa zimekwenda. Hukuniambia upungufu wako ni wa baiti ngapi. Andika idadi hiyo kila tukio, kwa sababu mtu anayepoteza baiti mbili na mtu anayepoteza 48 hawana ugonjwa mmoja.

Kabla ya kuendelea, thibitisha kwamba upotevu uko kwenye chipu kweli. Faili ya /proc/tty/driver/serial ina mstari kwa kila poti. Ukiona oe ikifuatiwa na namba inayopanda, chipu imefurika, na ukiona bo, ni bafa ya kerneli ndiyo iliyofurika, na basi kosa ni la programu yako kutosoma kwa wakati. Ikiwa vyote viwili havipandi ilhali data inapungua, acha kusoma jibu hili ukakague waya na kihisi. Usitegemee dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) kukuambia jambo hili, maana kutegemea jinsi programu ilivyoifungua poti, kerneli inaweza kunyamaza kabisa hata baiti zinapopotea. Njia iliyo bora zaidi ni kuiongezea programu yako wito wa ioctl (ombi la programu kwa draiva) uitwao TIOCGICOUNT, ambao hurudisha hesabu hizo hizo, na kuifanya iandike saa kamili kila hesabu ya kufurika inapoongezeka. Saa hiyo utaihitaji baadaye.

Sasa nije kwenye cyclictest, kwa sababu naona imekutuliza kuliko inavyostahili. Programu hiyo hujiwekea kipima muda, hulala, kisha hupima imeamka ikiwa imechelewa kiasi gani. Ni chombo kizuri nami nakitumia, lakini kina tabia tatu ambazo hapa zimekuficha ukweli. Kwanza, uliiendesha kwa dakika 10 ukitafuta jambo linalotokea mara tatu hadi tano kwa siku. Ungehitaji bahati ya pekee kulikuta. Pili, ukiiendesha bila kuieleza vinginevyo hutumia uzi mmoja, ambao unaweza kuwa ulikaa kwenye kiini kisichohusika kabisa na ttyS1. Tatu, na hili huwanasa hata wazoefu, cyclictest ikianza huifungua /dev/cpu_dma_latency na kuandika sifuri humo, yaani huiamuru kerneli isiiruhusu prosesa ilale usingizi mzito kwa muda wote wa kipimo. Kwa hiyo uliipima mashine iliyokesha, wakati mashine inayopoteza baiti ni ile inayosinzia. Nimesema usingizi huenda si mkosaji mkuu katika kisa chako, lakini katika kisa chenye kasi ya 921600, ambako akiba ile ile ya nafasi 8 ni mikrosekunde 87 tu, tabia hii ya tatu ingetosha kukupoteza mwezi mzima.

Ni kiini gani basi kinachohudumia ttyS1? Fungua /proc/interrupts. Kwenye kompyuta nyingi za aina yako ttyS0 iko kwenye katizo namba 4 na ttyS1 kwenye namba 3, na safu inayopanda kwa kasi itakuonyesha kiini husika. Ukishakijua, fanya jaribio ambalo halikugharimu kitu: simamisha huduma ya irqbalance (inayogawa makatizo kati ya viini) kama ipo, kisha hamishia katizo hilo kwenye kiini kingine kwa kuandika namba ya kiini, tuseme 3, ndani ya /proc/irq/3/smp_affinity_list. Iache siku mbili. Upotevu ukikoma au ukibadilika sana, mkosaji anaishi kwenye kiini kimoja, na hiyo maana yake ni kerneli au mojawapo ya draiva zake. Upotevu ukiendelea vile vile bila kujali kiini, anza kuishuku fimwea, kwa sababu fimwea ikiiteka mashine huviteka viini vyote kwa pamoja.

Ninayemshuku zaidi, kwa kuzingatia ulichoandika, ni konsoli yako. Umesema ttyS0 ni konsoli. Katika kerneli 6.1 ya kawaida, ujumbe wa kerneli unapopelekwa kwenye konsoli ya siriali, kiini kinachouandika hufunga makatizo yake hadi mstari umalizike, na mstari hauwezi kumalizika haraka kuliko waya unavyoruhusu. Ikiwa konsoli nayo iko kwenye 115200, mstari wa herufi 80 ni karibu milisekunde 7, yaani mara tisa ya muda unaotosha kuifurisha chipu. Makatizo yanayofungwa ni ya kiini kile kimoja tu. Ujumbe ukiandikwa na kiini cha pili wakati ttyS1 inahudumiwa na kiini sifuri, hakuna kitakachopotea. Vikigongana, fungu linapungua. Tukio la nadra, lisilofuata saa, kwenye mashine isiyo na kazi nyingi: ndivyo ulivyolieleza tatizo lako.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu juma zima kwenye mashine ya namna hii katika kiwanda kimoja. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha kihisi, tukapandisha kipaumbele cha programu hadi hakikuwa na pa kupanda tena. Mwishowe ilibainika kwamba mtu alikuwa ameweka kanuni ya LOG kwenye ukuta wa moto wa iptables, na kila pakiti iliyokataliwa iliandikiwa mstari wa herufi zipatazo 200 kwenye konsoli ambayo hapakuwa na mtu wa kuisoma. Hata kebo haikuwa imechomekwa. Milisekunde 17 za makatizo yaliyofungwa kwa kila pakiti. Konsoli haijali kama upande wa pili kuna mtu.

Kwako, kuthibitisha ni rahisi. Zile saa ulizoandika kwa TIOCGICOUNT zilinganishe na matokeo ya journalctl -k (kumbukumbu za ujumbe wa kerneli) yenye saa kamili. Ikiwa kila upotevu una ujumbe wa kerneli uliotokea katika sekunde ile ile, umekwishapata jibu. Kisha toa amri dmesg -n 1, ambayo huzuia karibu kila ujumbe usifike kwenye konsoli huku ukiendelea kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na uangalie kwa siku mbili au tatu. Ikithibitika, weka neno quiet au loglevel ndogo kwenye mstari wa kuwashia kerneli, au iondoe konsoli kwenye siriali kabisa. Na usiishie kuunyamazisha ujumbe: ukauliza pia kwa nini kerneli inalalamika mara tano kwa siku.

Ikiwa konsoli haina hatia, mshukiwa wa pili ni SMI, yaani katizo la usimamizi wa mfumo. Hili halifuati amri ya kerneli: prosesa huingia katika hali ya pekee, hutekeleza msimbo wa BIOS, kisha hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kerneli haiwezi kulifunga wala kuliona. Inachokiona ni saa iliyoruka. Hutumika kwa mambo kama kuangalia joto, kuiga kibodi ya kale kwa ajili ya kibodi ya USB, na kushughulikia makosa ya kumbukumbu yaliyosahihishwa. Prosesa za Intel huwa na rejista inayohesabu matukio haya, na programu ya turbostat huionyesha katika safu iitwayo SMI. Iache ikiandika kwa siku nzima. Hesabu ikibaki palepale, umemwondolea fimwea lawama. Ikipanda katika dakika zile zile ambazo baiti zinapotea, fungua BIOS ukazime uigaji wa kibodi ya USB, au utafute toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa bodi. Hakuna kerneli itakayokusaidia hapo.

Utakutana na ushauri wa kutumia kifuatiliaji kiitwacho hwlat, kilichoingia kwenye Linux 4.9 kwa ajili ya kutafuta ucheleweshaji wa aina hii. Kinafanya kazi, lakini kijue kabla hujakiwasha: hukaa kwenye kiini huku kimefunga makatizo, kikisoma saa mfululizo, na kwa mipangilio yake ya kawaida hufanya hivyo kwa nusu sekunde katika kila sekunde moja. Ukikiendesha wakati kihisi kinatuma, utapoteza maelfu ya baiti kwa sababu ya kipimo chenyewe. Kitumie pampu ikiwa imezimwa.

Ikiwa SMI nayo imesafika, basi kuna sehemu ya kerneli, mara nyingi draiva ya kifaa fulani, inayofunga makatizo kwa muda mrefu, na hapa ndipo ftrace, zana ya kerneli ya kujifuatilia yenyewe, inapokuwa mkombozi. Angalia kwanza faili ya /sys/kernel/tracing/available_tracers. Ikiwa irqsoff (kifuatiliaji cha makatizo yaliyofungwa) imo, basi katika saraka hiyo hiyo andika 0 ndani ya options/function-trace ili kifuatiliaji kisiilemee mashine, andika 500 ndani ya tracing_thresh, kisha andika irqsoff ndani ya current_tracer. Kuanzia hapo kila kipindi cha makatizo yaliyofungwa kinachozidi mikrosekunde 500 kitaandikwa kwenye faili ya trace, ambayo kichwani mwake ina jina la programu iliyokuwa ikiendelea, pamoja na mistari miwili yenye uzito kuliko yote: started at na ended at, yaani shughuli ya kerneli iliyofunga makatizo na ile iliyoyafungua. Jina la shughuli hiyo kwa kawaida hukupeleka moja kwa moja kwenye draiva.

Kerneli nyingi za kawaida hazijajengwa na irqsoff, kwa sababu inagharimu kasi hata ikiwa imelala, kwa hiyo huenda usiikute. Badala yake tafuta timerlat, kifuatiliaji cha ucheleweshaji kilichomo ndani ya kerneli, iliyoandikwa na Daniel Bristot de Oliveira na kuingia kwenye Linux 5.14 mwaka 2021, pamoja na programu ya rtla inayokuja na chanzo cha kerneli tangu 5.17. Amri rtla timerlat top -c 0 -a 500 itakaa kwenye kiini sifuri, na ucheleweshaji ukivuka mikrosekunde 500 itasimama na kukuhifadhia ufuatiliaji wa muda ule. Ninaipenda kuliko cyclictest kwa kisa kama chako, kwa kuwa hutenganisha safu mbili: moja ni kuchelewa kwa katizo lenyewe, nyingine ni kuchelewa kwa uzi uliopaswa kuamshwa nalo. Chipu yako inajali safu ya kwanza tu. Badilisha namba ya kiini iwe ile ya ttyS1, na uiache usiku kucha.

Narudi kwenye swali ulilouliza. Kazi ya PREEMPT_RT, yaani ile kerneli ya RT uliyoiulizia, ambayo ilikuwa ikibebwa kama viraka nje ya kerneli kuu kwa takriban miaka 20, iliingizwa rasmi katika toleo 6.12 lililotoka Novemba 2024, na Debian 12 ina kifurushi chake cha kerneli ya RT, kwa hiyo kuipata si kazi. Inachofanya ni kuzigeuza kufuli nyingi za kerneli ziwe za kusubiri kwa kulala badala ya kuzunguka, na kuwahamisha watumishi wengi wa makatizo (msimbo unaoyahudumia) kwenye nyuzi zenye kipaumbele, ambacho kwa kawaida ni 50 katika mpango wa SCHED_FIFO. Ikiwa mkosaji ni draiva inayoshikilia kufuli huku imefunga makatizo, kuna uwezekano mkubwa wa RT kukusaidia. Ikiwa ni SMI, haitakusaidia hata kidogo. Na jua kwamba mtumishi wa ttyS1 akishakuwa uzi, itabidi uangalie kipaumbele chake pia, kwa sababu programu yako ikipewa 80 na ikazunguka bila kulala, itamzuia mtumishi yule yule anayeiletea data. Nimeona watu wakijifungia mlango hivyo.

Wakati unachunguza, pampu haiwezi kusubiri, kwa hiyo nunua akiba zaidi. Ikiwa faili ya /sys/class/tty/ttyS1/rx_trig_bytes ipo kwenye mashine yako, andika 1 humo. Chipu itapiga katizo tangu baiti ya kwanza na kukuachia nafasi 15, yaani karibu milisekunde 1.3 badala ya 0.7. Makatizo yataongezeka hadi kufikia 6400 kwa sekunde, idadi ambayo prosesa yako inaimudu bila shida. Kama kihisi kinakubali udhibiti wa mtiririko kwa waya za RTS na CTS (zinazomwambia mtumaji asubiri), na chipu yako inaweza kuishusha RTS yenyewe bila kungoja draiva, hiyo ni kinga bora zaidi. RTS inayoendeshwa na programu haifai, kwani nayo husubiri kerneli ile ile iliyochelewa.

Anza na oe, kisha uhamishe katizo, kisha dmesg -n 1, kwa mpangilio huo na moja kwa wakati mmoja. Baada ya juma moja niandikie mambo matatu: idadi ya baiti zilizokosekana katika kila tukio, saa zake, na mstari wa ttyS1 kutoka kwenye /proc/interrupts. Ikiwa bado mkosaji hajajulikana, niambatishie na faili ya trace, tutaisoma pamoja.